Siku ya Viti Cleveland

Pittsburgh, 9 Septemba 2023

Mdogo wangu Vida,

Mimi mzima, ila goti la kulia limegoma kupanda ngazi, na nyumba yangu, kama unavyojua, ni ngazi tupu. Msimu umeanza, kwa hiyo na ugomvi wetu uanze. Kwa barua tu, kama tulivyokubaliana mwaka ule uliponikatia simu ukaninunia mpaka Pasaka.

Umeliona gazeti? Wametoa orodha ya miji kumi inayoongoza nchini kwa kupenda michezo. Boston ya kwanza. Haya, wale wanajisifu hata usingizini. Philadelphia ya pili, kwa fujo zao. Pittsburgh ya tatu. Cleveland ya tisa, Vida! Nilipitisha kidole kwenye orodha mara mbili nikidhani nimeruka mstari.

Nikueleze kwa nini. Mji wa michezo ni mji unaovaa rangi moja. Hapa futiboli ya kofia ngumu, besiboli, magongo ya barafuni, zote ni nyeusi na dhahabu. Mke wangu Lorraine tulimzika na kitambaa chake cha njano mkononi, na padri hakukataza. Nyinyi kila timu na rangi yake, kama watu waliovaa gizani.

Sisemi Cleveland, mji tulimozaliwa, hauna moyo. Nilikuwepo siku ya mwisho pale uwanja wa zamani, Desemba ya 1995, timu yenu ilipohamishiwa Baltimore na watu wakang'oa viti waende navyo nyumbani. Mumeo Frank alificha msumeno ndani ya koti, mimi nikakata, wewe ukakikalia kiti kisitikisike. Wapi pengine duniani watu hulia huku wanakata mbao?

Nitakuja kwa mechi ya Novemba, watani wa jadi tukutane. Naendesha mwenyewe kama kila mwaka. Oka potica ya mama, ule mkate wa njugu na asali, na safari hii usibanie asali.

Kaka yako,
Emil

*

Cleveland, 17 Septemba 2023

Kaka Emil,

Ya tisa? Walioandika orodha hiyo hawajawahi kukaa kwenye upepo wa ziwa mwezi wa Desemba wakiangalia timu yao ikipigwa. Mwaka 2017 tulifungwa mechi zote kumi na sita. Zote, Emil! Halafu watu wakatoka kwenye baridi ile wakaandamana kuuzunguka uwanja, wakicheka na kulia. Pittsburgh mnaweza kupenda hivyo? Nyinyi mnapenda vikombe. Tukivichukua vikombe vyenu mnabaki na madaraja na sandwichi zilizoshindiliwa chipsi.

Na huko kwenu mtu anaweka kiti cha jikoni barabarani kulinda nafasi ya gari lake, na mji mzima unakiheshimu. Mnaheshimu viti kuliko watu. Sitalala usiku hata mmoja katika mji huo, nilikuambia ulipooa na nakuambia tena.

Sasa hili la siku ya viti. Msumeno gani, Emil? Hukuwepo. Tulikuwa mimi, Frank, na jirani yetu Stanko aliyelewa kabla hatujaegesha gari. Frank ndiye aliyekata. Wewe ulikuwa huko huko kwako. Kila mwanamume wa Cleveland aliyevuka hamsini anaapa alikuwepo siku ile. Wangekuwepo wote kweli, uwanja ungezama ziwani. Sikujua na wewe umejiunga na chama cha waongo. Karibu sana, mwenyekiti anachaguliwa mwezi ujao.

Potica itakuwepo. Asali utakayoikuta ndiyo hiyo hiyo.

Dada yako,
Vida

*

Pittsburgh, 24 Septemba 2023

Marlene mpwa wangu,

Hii barua isome peke yako, na mama yako asijue kama nimekuandikia. Kaa chini kwanza.

Mama yako ameniandikia kwamba siku ya viti sikuwepo. Niliposoma nilicheka, nikajua ananichokoza. Nikasoma tena, nikaona hachokozi. Ameniondoa kabisa. Amemtaja baba yako, marehemu Frank, amemtaja hata Stanko mlevi, lakini mimi simo.

Marlene, nilikuwepo. Naukumbuka ule ubao ulivyokuwa mgumu, na kiganja changu kilivyotoka malengelenge. Namkumbuka mzee mmoja pembeni yetu amevua kofia kama yuko kanisani. Vitu kama hivyo mtu havibuni.

Wewe hukumjua bibi yako akiwa mzima wa akili, ulikuwa mdogo. Mama yetu alianza hivi hivi. Hakuanza kwa kupoteza funguo. Alianza kwa kubishana nani alikuwepo kwenye harusi ya nani, na anabisha kwa uhakika mpaka wewe unajiona mwendawazimu. Miaka mitatu baadaye alinikaribisha mlangoni akaniuliza nimekuja kusoma mita ya gesi.

Naogopa, mpwa wangu. Mtazame mama yako. Angalia jiko, angalia madirisha, angalia anavyoendesha gari. Na akikuuliza, mimi sijasema kitu.

Mjomba wako,
Emil

*

Cleveland, 4 Oktoba 2023

Mjomba Emil,

Barua yako nimeisoma peke yangu. Nimekuwa nikienda kwa mama kila siku baada ya kazi, na kila siku natafuta sababu mpya ya uongo. Leo nilisema nimeleta supu. Akaniuliza tangu lini najua kupika.

Nimeona mambo. Jumanne alisahau chungu jikoni mpaka maji yakakauka. Ijumaa aliniita kwa jina la paka wake aliyekufa. Nimekuta miwani kwenye friji. Mjomba, labda kila mtu wa miaka sabini na tatu anafanya haya, labda hata mimi nafanya, lakini sasa siwezi kumtazama mama akitafuta neno bila kuhesabu sekunde.

Siku ile ya viti mimi nilikuwa chuoni Columbus, siwezi kusema nani alikuwepo. Baba hayupo tena wa kumuuliza, na Stanko alimfuata. Kiti chenyewe kipo chini kwenye chumba cha kufulia, lakini kiti hakisemi.

Nimemchukulia nafasi kwa daktari tarehe kumi. Nimemwambia ni kupima presha. Funguo za gari nimezificha ndani ya buti langu, nikamwambia gari lina kasoro. Akasema, "Wewe mtoto, hujawahi kujua kudanganya." Nilikwenda kulia chooni.

Mpwa wako,
Marlene

*

Cleveland, 12 Oktoba 2023

Emil,

Kwa hiyo ni wewe. Nimembana Marlene kwa maswali mpaka akasema. Umenizunguka kwa mwanangu, kaka yangu mwenyewe. Mtu wa Pittsburgh ni mtu wa Pittsburgh.

Nilipelekwa kwa daktari kijana mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Akaniambia nichore saa. Akanipa maneno matano niyashike: tufaha, meza, senti, bahari, kofia. Halafu akaanza kunipigisha soga nyingine makusudi, nisahau. Nilikaa pale nayakariri moyoni, mimi niliyeendesha basi la shule miaka thelathini na moja na kujua jina la kila mtoto na kituo chake. Majibu bado.

Tangu siku hiyo sijawa mtu. Naamka asubuhi, kabla sijashuka kitandani najitajia mabingwa wa besiboli wa mwaka 1948, jina kwa jina, kama baba alivyotufundisha. Nikikwama kwenye jina moja najifunika blanketi. Nilikuwa najua kucheka na mji huu. Sasa hata redio ikibishana habari za mechi nazima, maana naogopa watasema jambo ambalo kila mtu analikumbuka isipokuwa mimi.

Nimefumba macho nikautafuta uso wako katika siku ile. Siuoni. Namwona Frank amepiga goti, naona unga wa mbao kwenye soksi zake. Wewe hupo pale. Na hilo ndilo linaloniogofya, Emil. Kama nimeweza kukufuta wewe mzima mzima na msumeno wako, nimefuta na nini kingine? Nitajuaje?

Basi. Ulikuwepo. Nimekubali. Wewe mkubwa, wewe unakumbuka. Ila nakuomba, nikifika pale mama alipofika, usije kunitazama. Nikumbuke nikikutukana.

Vida

*

Cleveland, 20 Oktoba 2023

Mjomba Emil,

Hii nimeiandika mara nne, nikaichana mara tatu.

Majibu ya mama yametoka. Ni mzima. Daktari amesema kumbukumbu zake ni za mtu wa miaka hamsini, na kwamba amemtajia wachezaji wa mwaka 1948 bila kuombwa. Chungu kilichokauka ni kwa sababu alikuwa kwenye simu akimtetea kocha.

Nilifurahi. Nikaenda kwenye kabati lake kurudisha kadi yake ya bima, na chini ya kadi kulikuwa na barua zako zote. Mama hajawahi kutupa hata moja, usimwambie nimekuambia. Sikukusudia kuzisoma. Lakini moja ilikuwa na tarehe 18 Desemba 1995. Nakuwekea nakala yake humu ndani, isome mwenyewe, ni mwandiko wako. Inaanza hivi: "Vida, jana nimetazama kila kitu kwenye televisheni, nimesimama jikoni na koti langu, Lorraine akinishika mkono. Nisamehe sikuwa nanyi. Nimesikia Frank amekata kiti. Nisimulie kila kitu, usiache hata unga wa mbao."

Na yeye akakusimulia, Mjomba. Nadhani alikusimulia vizuri mno.

Mama sijamwambia bado. Nilitaka wewe ujue kwanza, kwa heshima yako. Lakini nakuomba kwa magoti mambo mawili. Nenda kwa daktari. Na usiendeshe gari kuja kwenye mechi, mimi nitakufuata.

Marlene

*

Pittsburgh, 26 Oktoba 2023

Marlene,

Mwandiko ni wangu. Nimeuweka mezani pamoja na orodha yangu ya sokoni ya juzi nikalinganisha. Herufi V ile ile.

Na bado nayaona malengelenge yale. Nikikunja kiganja hivi sasa nayahisi. Sielewi kitu kimoja tu, mpwa wangu: kama lile ni la uongo na ninaliona hivi, la kweli nitalijuaje? Harusi yangu nilikuwepo? Nimekwenda ukutani kutazama picha nihakikishe.

Acha nikuambie yote, maana nikinyamaza sasa nitakuwa mwoga mara mbili. Mwezi wa Juni nilisimama kwenye mlango wa handaki, magari yanapiga honi nyuma yangu, sikujua nyumbani ni upande upi wa mlima. Sufuria mbili nimeunguza nikazitupa mbali, kwenye pipa la jirani. Kwenye milango ya kabati nimebandika karatasi: vikombe, dawa, viatu. Nilidhani ni uzee. Barua ya mama yako ilipokuja nilishika ile hofu yote nikamvika yeye. Ilinikaa vizuri zaidi kuiona juu ya mtu mwingine.

Mwambie leo. Usingoje Jumapili, usingoje maneno mazuri. Kila asubuhi anayojitajia majina yale kitandani ni mimi niliyempa. Mwambie alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa jikoni.

Emil

*

Cleveland, 30 Oktoba 2023

Kaka Emil,

Marlene ameniambia. Nilipiga kelele ya furaha, Emil, nakiri mbele ya Mungu. Nilirukaruka jikoni mpaka goti likalia. Halafu nikaelewa nafurahia nini, nikakaa sakafuni.

Sikiliza. Chumba cha nyuma nimekifagia. Kina jua na hakina ngazi hata moja. Vaa nyeusi na dhahabu yako ukipenda, nitawaambia majirani una ugonjwa wa macho. Marlene atakufuata Jumamosi tarehe kumi na moja. Utakuja kwetu, utabaki kwetu, na ukisahau kitu nitakuambia. Na tafadhali, gari usiliguse.

Dada yako,
Vida

*

Pittsburgh, 9 Novemba 2023

Vida,

Niliendesha. Usinitukane, nimeshajitukana.

Nilijisemea nikimngoja Marlene anifuate nitakuwa mgonjwa, nikija mwenyewe nitakuwa mgeni. Kwa hiyo Jumatatu, mchana mweupe, nikaingia barabarani. Ni mwendo wa saa mbili na robo tu, njia niliyoipita mara mia. Nilipotanabahi nilikuwa Wheeling, West Virginia, kwenye kituo cha mafuta, na mto upande usiofaa. Dada mmoja wa dukani alikuwa mpole. Akasema, "Nikuelekeze, mzee. Unakwenda nyumbani au unatoka nyumbani?"

Nikafungua mdomo. Nikalitafuta jibu, Vida. Nilikuwa na majina mawili, Pittsburgh na Cleveland, na sikujua lipi ni langu na lipi nalibishia. Nimebishana miaka hamsini kuhusu miji hii na nikasimama pale kama mtoto aliyepotelea sokoni. Nilijikojolea kwenye suruali. Nakuambia wewe tu. Wakampigia simu polisi, wakanirudisha kwa adabu.

Jana nimekwenda kwa daktari. Na mimi nimechora saa. Namba zote zilikuwa upande mmoja. Amesema ni ugonjwa ule ule wa mama, na umeshaanza zamani. Nikamwuliza kuhusu chumba chako chenye jua. Akasema mtu wa hali yangu, kumhamisha ni kumsukuma aanguke. Humu ndani miguu yangu inajua ngazi hata kichwa kikisahau.

Kwa hiyo sitakuja. Si kiburi cha mji, naapa. Naogopa nikitoka humu sitakuwa mtu tena. Lakini kukaa humu peke yangu naogopa vile vile, na sijui nichague hofu ipi. Usiniache nichague.

Emil

*

Cleveland, 14 Novemba 2023

Kaka Emil,

Sijakuacha uchague. Nimechagua.

Nyumba nimemwachia Marlene na wanawe. Jumamosi ananileta kwako na masanduku mawili, na Jumapili tutaangalia mechi sebuleni kwako. Mwambie jirani yako aweke kiti cha jikoni barabarani atulindie nafasi ya gari. Nitalala chumba kile cha juu alichokuwa akishonea Lorraine. Ndiyo, kulala. Katika mji huo. Padri wangu alipoambiwa alifanya ishara ya msalaba, na wenzangu tunaoangalia nao mechi ukumbini wamekataa kuniaga, wanasema heri ningehamia Baltimore.

Nisikilize sasa, maana nitakuwa jasiri kwa ukurasa huu tu. Orodha yako ya miji sijali tena nani wa tatu nani wa tisa. Nimelia njia nzima kutoka sokoni. Naogopa mno, Emil. Siogopi kukupikia, siogopi suruali, niliendesha watoto sitini kila siku na nguo nimefua nyingi. Naogopa asubuhi moja nitakayotoka dukani, nitagonga, nawe utafungua na kuniuliza mimi nani.

Basi nimeshaamua nitakachojibu, nakuandikia mapema ili mmoja wetu awe nacho kwenye karatasi. Sitasema mimi ni dada yako, maana utaona aibu hukunijua, na aibu ndiyo iliyommaliza mama. Nitasema mimi ni mtu wa Cleveland.

Wewe utaniambia mji wenu ni takataka, na utanifungia mlango usoni. Nami nitagonga tena.

Dada yako,
Vida